Naomba ushauri: kufunga mwamba wa pweza kumetugawa, mama na kaka hawasemezani

BintiKusini
Asalaam alaykum. Mie ni katibu wa kamati ya wavuvi ya shehia yetu, kusini Pemba. Tunataka kufunga sehemu ya mwamba miezi mitatu, pweza wakue. Wazamiaji wameunga mkono, kaka yangu akiwemo. Kina mama wanaokwenda kwa miguu kuchokoa pweza mashimoni maji yakitoka hawataki hata kusikia, na anayewasemea ni mama yangu mzazi.

Kikao cha mwisho kilivunjika. Kaka alisema kina mama ndio wanaomaliza vitoto vya pweza. Mama akasimama, akanyanyua mchokoo wake: "Huu ndio uliokusomesha." Akatoka, wenzake wote nyuma yake. Sasa nyumbani chakula cha kaka anapelekewa na mtoto. Nawapenda wote wawili, na mwamba nao unakwisha. Nianzie wapi?

Nahodha Mstaafu
Waalaykum salaam mwanangu. Usiitishe tena kikao kikubwa. Mbele ya sheha na wanaume, kina mama husema ya hasira tu, mengine hurudi nayo. Kaa nao peke yao, siku za maji mafu, yasipotoka sana. Usiwaulize kama wanakubali kufunga. Waulize pweza wa zamani alikuwa mkubwa kiasi gani. Kisha kawaulize wazamiaji swali hilohilo.

Mke wa Mvuvi
Nahodha kasema kweli ila kaacha jambo. Mkifunga, mzamiaji ana ngarawa, atakwenda mwamba mwengine. Mama yako ana miguu yake tu. Miezi mitatu ale nini? Mie ningekuwa yeye ningetoka vilevile. Mpaka hilo lijibiwe, msimsumbue.

Mwana wa Pwani
Basi dada, fungeni kule kwenye kina wanakozamia, sehemu ya kutembea muwaachie kina mama. Pweza anakua haraka mno na umri wake mfupi. Jike akishataga hulinda mayai bila kula, yakianguliwa naye hufa. Kwa hivyo miezi michache tu, tofauti mtaiona kwenye mizani. Andavadoaka, Madagaska, walianza hivyo mwaka 2004: walifunga sehemu moja, nyengine zikabaki wazi. Siku ya kufungua iwe bamvua, maji yanapotoka mbali kabisa, na kina mama waingie mwanzo.

Mtu wa Diko
Na mlinzi nani? Bila ya doria, watu wa shehia jirani watakuja usiku na taa zao wavune. Hapo kina mama watasema, "Si tuliwaambieni?" na hamtakuwa na jibu.

BintiKusini
Nashukuruni sana. Mke wa Mvuvi, hilo ndilo analolisema mama kila siku.

Nimemuuliza habari za pweza wa zamani. Akanionesha kwa mkono, mpaka begani. Kaka alikuwa ukumbini, akadakia: "Na kilo nne walifika." Mama akamjibu, "Walipita." Tangu kikao hawajasemezana zaidi ya hapo.

Rai ya kufunga kwenye kina naipeleka kwa sheha. La ulinzi bado: mwenye uzoefu wa doria za usiku aniambie wanapanga vipi zamu, na mafuta ya boti anatoa nani.