Dola 5,000 za kumkumbuka mama: kiwango cha lazima ni haki?

Hoja. Pan-Mass Challenge ya Massachusetts, Marekani, ilianzishwa mwaka 1980 na Billy Starr, ambaye mama yake alikufa kwa saratani ya ngozi. Walianza waendesha baiskeli 36, leo ni maelfu. Mwanzoni mwa Agosti wanatoka Sturbridge hadi Provincetown, kilomita 300 hivi kwa siku mbili, kuichangia taasisi ya saratani ya Dana-Farber, Boston. Wa njia ndefu huahidi kukusanya dola 5,000 hadi 6,000. Asipofikisha, upungufu unakatwa kwenye kadi yake ya benki. Ni haki kumwekea mfiwa kiwango?

Spoku: Si haki. Mtu wetu anayetunza wazee majumbani Lowell au Worcester, miji ya Massachusetts, ana marafiki wenye kipato kama chake, na hao hao wanachangia harusi, matanga na kusafirisha maiti. Utawarudia mara ngapi? Na kiingilio ni juu yake, hakihesabiwi kwenye mchango.

Mwekahazina: Huruma sawa, lakini piga hesabu. Kila anayeingia barabarani anahitaji maji, chakula, pa kulala Bourne njiani, lori la mizigo, fundi, daktari na polisi kwenye makutano. Aliyeleta dola 300 anagharimu sawa na aliyeleta 10,000. Bila kiwango, msafara unajaa watu na risiti zinameza michango. Pan-Mass kila dola iliyokusanywa na mwendeshaji inafika Dana-Farber, gharama zinabebwa na wadhamini na viingilio.

Mwekahazina (anaendelea): Kinachowaangusha wengi ni namna ya kuomba. Wanatupa ujumbe mmoja kwenye kundi la WhatsApp, kila mtu anamsubiri mwenzake. Anza Januari. Andika majina 150, mwandikie kila mmoja peke yake, taja kiasi. Tanguliza mchango wako, maana ukurasa wa michango wenye sifuri hakuna anayetaka kuufungua. Watu 25 wa dola 100 na 30 wa dola 50 ni 4,000. Zilizobaki zitafute kwa waajiri: kampuni nyingi kubwa za Marekani huongeza dola kwa kila dola ya mfanyakazi wao, ila fomu anaijaza mchangiaji mwenyewe, na husahau. Mkumbushe ndani ya wiki mbili.

Binti Tanga: Mimi nauliza fedha zinakwenda wapi. Mama amefia Tanga kwa saratani ya shingo ya kizazi, mtoto anachangia Boston? Chanjo ipo, Tanzania inaitoa kwa wasichana tangu 2018. Kipimo kipo. Ocean Road, hospitali ya saratani Dar es Salaam, kuna wanaokatisha mionzi kwa kukosa nauli na pa kulala. Hapo utafiti sio uliokosekana.

Mwekahazina: Kwa saratani hiyo sikubishii. Ila usifunge mlango wote. Mwaka 1948 Sidney Farber, mwanzilishi wa taasisi hiyo hiyo, alitangaza kuwa dawa inayozuia kazi ya asidi ya foliki, aina ya vitamini, inarudisha nyuma saratani ya damu kwa watoto, japo kwa muda. Dawa ya ukoo huo, methotreksati, daktari wa upasuaji Denis Burkitt aliitumia Kampala miaka ya 1960 kwa uvimbe wa taya za watoto. Hadi leo inatumika hospitali zetu.

Binti Tanga: Basi mwendeshaji aseme mama alikufa kwa saratani gani, ndipo achague pa kupeleka.

Spoku: Bado hamjajibu la kiwango. Na kuna mwili. Mfiwa anajiandikisha kwa uchungu, anafika Julai hajawahi kupita kilomita 60. Siku ya kwanza pekee ni kama 175. Anahitaji wiki 16, akiongeza si zaidi ya asilimia 10 kwa wiki, na mwishoni safari ndefu Jumamosi na Jumapili mfululizo, kwa sababu siku ya pili ndiyo inayovunja watu. Siti ikiinama mbele, uzito unaangukia viganja na vidole vinakufa ganzi, isawazishe. Nusu lita ya maji kwa saa, jua likichoma zaidi, pamoja na chumvi. Kwenye kundi, gurudumu lako lisipandane na la aliye mbele: likigusa, anayeanguka ni wewe.

Mwekahazina: Asiyeweza fedha wala kilomita ajitolee. Maelfu hupakia mizigo na kugawa maji, na hawadaiwi kiwango.

Spoku: Yaani mwenye nacho apande baiskeli, asiye nacho ambebee begi. Ndicho ninachokikataa.