Seva ya Mastodon inazimwa mwisho wa mwezi: tuokoe nini kwanza?

kipepeo_bluu:
Wakuu, habari. Msimamizi wa seva yetu ya Mastodon (mtandao wa kijamii wa seva nyingi huru zinazowasiliana) katangaza anaizima, zimebaki siku 24. Tuko watu kama 140. Nasikia "hamisha akaunti, kila kitu kinakwenda." Ni kweli? Halafu msimamizi huyohuyo anaendesha seva ya Lemmy (jukwaa la mijadala, nalo la seva nyingi) yenye jumuiya yetu, na seva nyingine zina nakala yake. Itaendelea?

fundi_foleni:
Mkuu, wanaohama ni wafuasi tu. Machapisho yanabaki yalipo na yatakufa na seva.

Utaratibu una mwelekeo wake. Anza kwenye akaunti MPYA: Mipangilio, Akaunti, sehemu ya kuhama kutoka akaunti nyingine, uandike anwani ya zamani. Ndipo urudi kwenye ya zamani, uchague kuhamia akaunti nyingine na uweke nenosiri. Ukigeuza mpangilio itagoma, kwa sababu ya zamani huiuliza ya mpya kwanza kama inamtambua huyu anayekuja. Ukishahama, akaunti ya zamani haihamishiki tena mpaka siku 30 zipite, kwa hiyo chagua seva kwa makini.

Unaowafuata hawaji wenyewe. Pakua CSV (faili za orodha) zao, za uliowazuia, uliowanyamazisha, na alamisho, uzipandishe kwenye seva mpya. Wenye akaunti zilizofungwa (wanaoidhinisha kila mfuasi) watakukubali upya mmoja mmoja. Kumbukumbu ya machapisho huombwa mara moja kila siku 7. Iombe leo, ingawa Mastodon haikubali kuirudisha ndani. Ni ya kujiwekea tu.

Na usingoje siku ya mwisho. Tangazo la kuhama hutumwa na seva ya zamani kwenda kila seva yenye mfuasi wako. Watu 140 wakihama usiku mmoja, foleni ya Sidekiq (programu inayotuma ujumbe wa seva kwa zamu) inajaa, na seva ikizimwa foleni haijaisha, wafuasi waliobaki hawapati habari kabisa.

mlezi_wa_jumuiya:
Kuhusu Lemmy: haitaendelea, hata kama itaonekana inaendelea. Jumuiya ina seva mama moja. Mtu wa seva nyingine akiandika, chapisho lake hupelekwa kwa mama, na mama ndiye anayewatangazia wengine. Mama akifa, kila seva inabaki na nakala yake, watu wanaandika humo, wanajibiwa na majirani wa seva yao tu. Hakuna ujumbe wa kosa. Mtu anaweza kuandika miezi akidhani wenzake wamenuna.

Seva ya Lemmy iitwayo lemm.ee ilipofungwa mwisho wa Juni 2025, jumuiya zake zilihitaji makazi mapya kwa sababu hiyohiyo. Fungueni jumuiya kwingine sasa, mbandike kiungo chake juu kabisa ya ile ya zamani, kisha hiyo ya zamani muiweke katika hali ya kuandikwa na wasimamizi pekee. Fanyeni hivyo mama akiwa hai, la sivyo badiliko halitafika kwenye nakala. Picha zilizopakiwa kwenye seva mama zihifadhini kando.

nanga:
Mwambieni msimamizi asichomoe waya tu. Kuna amri ya msimamizi wa Mastodon, `tootctl self-destruct`, inayoziomba seva zote zifute akaunti za hapo. Haina kurudi nyuma, na Sidekiq lazima iendelee kukimbia hadi foleni iishe. Asipoitumia, profaili zenu zitabaki kama mizimu kwenye seva za watu. Seva nyingine za Mastodon nazo huacha kuipelekea seva iliyokufa ujumbe baada ya siku 7 za kushindwa. Aendelee pia kulipia jina la kikoa (anwani ya seva mtandaoni) kwa muda. Ndiyo utambulisho wenu, na likiachwa mtu mwingine analinunua.

Mshukuru mmepewa siku 24. Seva ya Mastodon ya queer.af, Februari 2024, ilipoteza kikoa chake cha .af (cha Afghanistan) chini ya mamlaka za Taliban, na bila kikoa tangazo la kuhama haliendi popote.

kipepeo_bluu:
Asanteni. Nimejaribu: akaunti mpya inasema ya zamani haipatikani.

fundi_foleni:
Andika jina kamili pamoja na seva, @jina@seva. Likigoma bado, fungua ukurasa wa Kuhusu wa seva mpya, uangalie orodha ya seva ilizozuia. Yenu ikiwamo humo, tafuta seva nyingine kabla hujabonyeza kuhama.