Mvinyo mweupe wa mchanganyiko: Bordeaux, Rhône au Alsace kwa samaki na kuku?

Mwandaaji: Ndugu wanachama, ninaandaa mlo wenye samaki wa kuchoma aliyekamuliwa limau, kisha kuku katika sosi ya krimu na uyoga. Ningependa mvinyo wa aina moja ufae vyote viwili. Nimebakiza mitatu ya kuchanganya zabibu, kutoka maeneo matatu ya Ufaransa: wa Bordeaux wa zabibu za Sauvignon Blanc na Sémillon, wa Rhône wa Marsanne na Roussanne, na ule uitwao Gentil wa Alsace. Mngechagua upi?

Mwonjaji: Bordeaux, bila kusita. Sauvignon Blanc huleta uchachu na harufu ya limau na majani mabichi, na Sémillon huutuliza uchachu huo na kuupa mvinyo unene, hata baada ya miaka kadhaa chupani ukaanza kunukia asali na nta. Kwa samaki wako, na hata kwa chaza, uchachu ndio unaotakiwa, kwa kuwa husafisha kinywa baada ya chumvi na mafuta.

Mpishi: Kwa samaki nakubali, lakini kwa kuku naomba kutofautiana nawe, Mwonjaji. Kinachoamua si nyama bali sosi. Krimu iliyochemshwa hadi ikashika mgongo wa kijiko hufunika kabisa mvinyo mwepesi, ilhali Marsanne ina uzito wa kutosha kusimama nayo, na Roussanne huongeza harufu ya maua na peasi inayopatana vizuri na uyoga. Kasoro ya mvinyo huu ni uchachu wake mdogo: ukiunywa na samaki mwenye limau jingi, utauona umepooza. Aidha, usiunywe ukiwa baridi sana. Nyuzi 11 au 12 za Selsiasi zinatosha, kwani ubaridi wa friji huficha harufu zake.

Mhudumu: Gentil angalau nusu yake hutokana na Riesling, Muscat, Pinot Gris na Gewurztraminer, na zilizobaki ni zabibu nyingine za Alsace. Ningeutunza kwa chakula chenye tangawizi au pilipili, maana harufu zake haziogopi viungo. Katika mlo huu hauna kazi. Kuna jambo watu hulisahau: kwa kanuni za Umoja wa Ulaya, chupa inayotaja zabibu moja yaweza kuwa na hadi asilimia 15 ya zabibu nyingine, kwa hiyo wengi wanaodai kuukwepa mchanganyiko wanaunywa kila siku.

Mwandaaji: Nashukuruni. Basi je, hakuna Bordeaux inayoweza kuhimili krimu?

Mwonjaji: Ipo, na hapa Mpishi ana hoja. Ile ya eneo la Entre-Deux-Mers kwa kawaida haikai kwenye mapipa ya mwaloni, hivyo ni nyepesi na itazidiwa. Tafuta Pessac-Léognan, eneo lililopewa jina lake rasmi mwaka 1987, ambako mvinyo mweupe mara nyingi huchachushwa na kukomazwa kwenye mapipa. Hupata unene na ladha ya kokwa zilizokaangwa bila kupoteza uchachu. Bei yake, kwa bahati mbaya, hupanda pia.

Mpishi: Hiyo naikubali. Nawe, Mwandaaji, punguza limau kwa samaki na uongeze matone machache katika sosi ya kuku dakika ya mwisho, ili vyakula vyote viwili viufikie mvinyo huo kwa kiasi kimoja cha uchachu.