Sendofu za usiku na Canon 80D: lenzi ya 50 au 85?

Fundi wa Mbagala
Wakuu, habari za Jumapili. Natumia kamera ya 80D na lenzi iliyokuja nayo, 18-135 (ni milimita; namba ikiwa kubwa, inavuta karibu zaidi). Jana kwenye sendofu MC kazima taa kubwa bi harusi mtarajiwa anapoingia, zikabaki zile za zambarau. Ukivuta hadi 135 lenzi inafunguka f/5.6 tu (namba ya f ikiwa ndogo, tundu ni kubwa na mwanga ni mwingi). ISO (usikivu wa mwanga) 6400, shata 1/60 ya sekunde, picha zote za kuingia zina chenga (vidoadoa) na miguu imetikisika. Mama mwenye shughuli bado hajaziona, na simu yake naiogopa. Nina pesa ya lenzi moja: 50 f/1.8 STM mpya na chenji inabaki, au 85 f/1.8 USM iliyotumika. Flashi ninayo ila inaua rangi za ukumbi.

Kobe wa Shata
85, usijiulize mara mbili. Sura inatulia, na taa za nyuma zinageuka mapovu. Ni lenzi ya 1992 lakini fokasi yake bado inakimbia. Kutoka f/5.6 hadi f/1.8 unaingiza mwanga mara 9 na ushee: unapandisha shata hadi 1/250 na ISO bado inashuka chini ya 3200.

Mama Albamu
Kobe, wewe una 5D yenye kihisi (kile kibati kinachonasa picha) kikubwa, mwenzio ana 80D. Kihisi chake ni kidogo, kwa hiyo 85 inamkalia kama 136, na 50 kama 80. Kumpata bi harusi mzima, kilemba hadi pindo la gauni, kamera imesimamishwa wima, na 85 atarudi nyuma mita 7 na nusu. Kwenye kumbi zetu, mita 7 nyuma ya zulia ni meza ya kamati, na nyuma yake spika. 50 inataka mita 4 na nusu. Mimi 85 inakaa begini mpaka zamu ya hotuba, wazazi wanapoanza kulia. Hapo nahitaji uso tu.

Kobe wa Shata
Hapo umenishika dada. Nilisahau kihisi.

Kijana wa Jukwaa
Mbona hamjaitaja 70-200 f/2.8 yenye kituliza mtikisiko? Inakodishwa, unamaliza kazi yote na lenzi moja.

Mama Albamu
Kituliza kinatuliza mkono wako mdogo wangu, shangazi anayecheza hakimhusu. Na f/1.8 inaingiza mwanga mara 2.4 ya f/2.8. Kwenye kanisa lenye madirisha naichukua. Saa 4 usiku, na uzito wa kilo 1 na nusu shingoni, hapana.

Kobe wa Shata
Fundi, yoyote utakayonunua, usiiache f/1.8 usiku kucha. Kwenye 80D, ukiwa mita 2 na 85, sehemu iliyo kali, mbele hadi nyuma, ni kama sentimita 4: jicho linakata, sikio limeyeyuka. Na 50 unapata kama 11. Wakiwa wawili wamekaa bega kwa bega, funga hadi f/2.8, ISO ipande. Chenga mteja anaweza kuzisamehe, ila sura ya mama mkwe ikiwa na ukungu utaelezwa.
Halafu zile taa za zambarau. Umeme wetu ni wa 50Hz, LED nyingi za bei rahisi zinametameta mara 100 kwa sekunde. Ukiona mistari kwenye picha za 1/250, shuka 1/100.

Fundi wa Mbagala
Kumbe ile mistari! Nilidhani kamera imeanza kufa. Basi nachukua 50. Nani ana 85 ya kunikodisha Jumamosi, ya hotuba tu?

Mama Albamu
Njoo uchukue yangu. Kodi ni ile chenji ya 50.

Fundi wa Mbagala
Yote?

Mama Albamu
Nusu. Na uirudishe na kifuniko chake.