Draivu ya nje ya kuchomea DVD kwa kompyuta yenye USB-C pekee: ipi inapatana nayo?

Mpigavideo_Moro (mleta mada)

Wanajukwaa wenzangu, salaam. Ninarekodi harusi, maulidi na kwaya hapa Morogoro. Vijana hupokea kazi zao kwa flashi au kwa simu, lakini wazee wengi wa familia bado wanataka DVD ya kuweka kwenye deki ya sebuleni, tena iwe ndani ya jalada lenye picha ya maharusi. Kompyuta yangu ya zamani, iliyokuwa na draivu ya ndani, imekufa. Mpya ninayotumia sasa ina Windows 11 na matundu mawili ya USB-C, na haina hata tundu moja la USB ya kawaida.

Nimezunguka madukani na nimebaki na draivu nne za kuchagua. Ya kwanza ni LG GP65NB60, draivu nyembamba ya DVD ambayo waya wake una kichwa cha USB ya kawaida. Ya pili ni ASUS ZenDrive U9M, inayokuja na nyaya mbili, mmoja wa USB-C na mwingine wa USB ya kawaida. Ya tatu ni draivu ya Blu-ray, ambayo muuzaji anasema itanifaa kuliko zote kwa kuwa ni ya kisasa. Ya nne ni SuperDrive ya Apple iliyokwisha kutumika, ambayo rafiki yangu ananiachia kwa bei ndogo sana.

Nisingeomba ushauri kama nisingekuwa nimepoteza fedha tayari. Draivu niliyonunua mwanzo ilisoma kila diski bila shida, lakini kila nilipochoma ilifika katikati ikajikata, na kwa njia hiyo nimeharibu diski tupu 11. Naomba mnieleze ni kitu gani hasa kinachoamua kama draivu itapatana na kompyuta.

FundiMpakato

Ndugu mleta mada, pole kwa diski zako. Kwa maelezo uliyotoa, mimi naanza kuushuku umeme kabla ya kuishuku draivu yenyewe. Kusoma diski hutumia leza dhaifu, lakini kuchoma kunahitaji leza yenye nguvu kubwa zaidi, inayoweza kubadilisha tabaka la rangi lililomo ndani ya diski, na wakati huohuo mota inaizungusha diski hiyo kwa kasi. Draivu hizi nyembamba hazina adapta ya ukutani. Umeme wote zinaupata kwenye tundu la USB. Kwa kanuni, tundu la USB 2.0 hutoa miliampia (mA) 500 kwa volti 5, na la USB 3.0 hutoa mA 900. Mahitaji ya draivu yanaweza kuzidi mA 500 inapoanza kuzunguka au inapochoma, na hapo ndipo inapojikata, ingawa katika kusoma haikuonyesha dalili yoyote. Ndiyo maana baadhi ya draivu huuzwa na waya wenye vichwa viwili vya USB, kichwa cha pili kikiwa cha kuongezea umeme tu.

Kwa hiyo nakuuliza: draivu ile uliichomeka moja kwa moja kwenye kompyuta, au ulipitia kigawanyo cha USB?

Usikubali kulipa zaidi kwa sababu tu kasha limeandikwa USB 3.0. Kuchoma DVD kwa kasi ya 8x ni kupeleka takriban MB 11 kwa sekunde, mzigo ambao USB 2.0 inaubeba bila taabu. Draiva, yaani programu za kuiwezesha kompyuta kutumia kifaa, nazo zisikutie wasiwasi, kwani Windows, macOS na Linux huzitambua draivu za aina hii zenyewe, bila kusakinisha chochote.

Mpigavideo_Moro (mleta mada)

Fundi, umegusa penyewe. Nilitumia kigawanyo chenye matundu manne kisicho na umeme wake, na humo nilikuwa nimechomeka pia diski ya nje yenye video zenyewe.

FundiMpakato

Basi diski ya nje na draivu zilikuwa zikigombania umeme wa tundu moja. Hamishia video kwenye diski ya ndani ya kompyuta, kisha uichomeke draivu peke yake. Ukilazimika kutumia kigawanyo, tafuta chenye adapta yake ya umeme.

MtumiajiMac

Nimetumia SuperDrive kwa miaka mingi, na kwa Mac yangu imenitumikia vizuri. Hata hivyo, kwako wewe nasema hapana bila kusita. Ilitengenezwa kwa ajili ya Mac zisizo na draivu ya ndani, na kuitumia kwenye kompyuta ya kawaida ya Windows ni kutafuta usumbufu. Kichwa chake ni cha USB ya kawaida, kwa hiyo ungehitaji adapta ya USB-C, na Apple waliacha kuiuza mwaka 2024.

Mhifadhi_Kumbukumbu

Naomba niitetee kidogo Blu-ray, kwa sababu kazi ya mpigavideo haiishii kwenye nakala ya mteja. DVD ya tabaka moja hubeba GB 4.7, na ya matabaka mawili GB 8.5, ilhali Blu-ray ya tabaka moja hubeba GB 25. Video asilia za harusi moja zinaweza kuhitaji DVD kumi na zaidi, lakini zikatosha kwenye Blu-ray mbili au tatu. Draivu za Blu-ray, kwa kawaida, huchoma DVD na CD pia, hivyo hupotezi kitu.

FundiMpakato

Hoja ya uhifadhi naiheshimu, ila hapo kwenye kutopoteza kitu sikubaliani nawe. Deki ya DVD haisomi Blu-ray kabisa, kwa kuwa inatumia leza nyekundu ya nanomita 650 na Blu-ray inahitaji ile ya nanomita 405. Diski tupu za Blu-ray ni ghali, tena upatikanaji wake unapungua: Sony walisitisha utengenezaji wa diski za Blu-ray za kurekodia Februari 2025. Mtu anayeanza leo kwa bajeti ndogo ni afadhali anunue diski mbili za nje na kuhifadhi nakala kwenye zote mbili. Anayetaka diski ya kudumu anaweza kutumia M-DISC ya DVD, ambayo LG na ASUS ulizozitaja zote mbili zinaichoma.

Mwanakwaya_Linux

Mleta mada, kuna njia ya tano ambayo hujaitaja. Kompyuta yako imekufa, lakini draivu yake ya ndani huenda bado ni nzima. Madukani kuna makasha matupu yanayoigeuza draivu ya ndani ya mpakato kuwa ya nje ya USB, na bei yake ni ndogo kuliko ya draivu mpya. Ichomoe kwanza uipime unene, kwa sababu zipo za milimita 12.7 na za milimita 9.5, na ile nene haiingii kwenye kasha la nyembamba. Angalia pia kiunganishi: kompyuta za zamani sana zilitumia IDE, na zilizofuata zikatumia SATA, kwa hiyo kasha lazima lilingane nacho.

Kuhusu deki za wazee, usichome faili ya MP4 kama ilivyo ukatarajia kila deki iicheze. Tengeneza DVD-Video, yaani diski yenye mpangilio unaosomwa na deki, ya PAL (mfumo wa picha za televisheni) kwa programu kama DVDStyler, ambayo ni ya bure. Kwa upande wa diski, mimi hupendelea DVD-R, kwa sababu deki kuukuu nyingi huipokea kwa urahisi kuliko DVD+R. Na Windows ikikuuliza diski itumikeje, usichague ile namna ya kuitumia kama flashi, maana diski ya hivyo deki nyingi huikataa.

Mpigavideo_Moro (mleta mada)

Nawashukuru nyote, na ninaleta mrejesho. Nimenunua ASUS ZenDrive U9M, kwa sababu inaingia kwenye tundu langu la USB-C bila adapta wala kigawanyo. LG nayo ingefanya kazi, ila ningeongeza kiungo kimoja katikati, na baada ya yaliyonipata sikutaka kiungo hicho. Video nimezihamishia ndani ya kompyuta, nimetengeneza DVD-Video ya PAL, na nimechoma DVD-R sita kwa kasi ya 4x, kila moja ikichukua takriban robo saa. Hakuna hata moja iliyojikata. Nimezijaribu kwenye deki mbili, moja ikiwa ya mama mkwe ambayo ni kuukuu kweli, na zote sita zimecheza hadi mwisho.

Ile draivu ya kompyuta iliyokufa nimeichomoa jana. Ni ya SATA, milimita 12.7. Sasa natafuta kasha lake, iwe ya akiba msimu wa harusi ukianza.