Nyaraka za Saddam zilizokamatwa 2003: zinaonyesha alikuwa na Osama au la?

Ticha_Majengo (Moshi)
Wakuu, habari za jioni. Nafundisha Historia sekondari hapa Moshi. Kidato cha sita wana mdahalo Ijumaa kuhusu vita ya Iraq. Upande mmoja unashikilia kwamba Wamarekani walipoingia Baghdad walikuta makabrasha ya serikali yanayoonyesha Saddam alikuwa akiifadhili Al-Qaeda. Wenzao wanasema karatasi zote zilipikwa Washington. Mimi ndiye mwamuzi na sitaki kuamua kwa ushabiki. Nani amelifuatilia hili?

Chalii_wa_Sakina
Ticha, hiyo mbona iko wazi. Walisema kuna silaha za maangamizi, zikaonekana? Basi na karatasi ni hivyohivyo. Next.

Mzee_wa_Masjala (Arusha)
Mwalimu, salaam. Huyo chalii msamehe, anajibu kama konda anayewahi abiria.

Enzi za Mahakama ya Rwanda nilikuwa upande wa vielelezo pale AICC, kituo cha mikutano cha Arusha mahakama ilikokaa. Kazi yangu ilikuwa karatasi tu: barua za viongozi wa komuni, kumbukumbu za vikao, orodha za majina. Kila ukurasa tuliugonga namba. Wakili mzuri hakuanza na kilichoandikwa. Alianza kuuliza imetoka kabati gani, nani aliibeba, imepita mikono ya nani. Nimeshuhudia asubuhi nzima ikiishia kwenye muhuri mmoja.

Kughushi kupo, na hapo chalii ana lake. Zile barua za Niger, zilizodai Saddam ananunua urani, Mohamed ElBaradei, mkuu wa shirika la nyuklia la Umoja wa Mataifa wakati huo, aliliambia Baraza la Usalama Machi 2003 kwamba si halisi. Mojawapo ilikuwa na sahihi ya waziri wa mambo ya nje aliyeondoka wizarani zaidi ya miaka kumi kabla ya tarehe ya barua! Karani yeyote wa masjala angeinasa kabla ya chai ya saa nne.

Lakini hizo hazikutoka kwenye makabati ya Baghdad. Zilizokamatwa baada ya Aprili 2003 ni shehena nyingine kabisa. Institute for Defense Analyses, taasisi inayoifanyia Pentagon utafiti, ilipitia zaidi ya nyaraka 600,000 na ripoti ikatolewa 2008. Haikukuta ushahidi wa moja kwa moja wa kumuunganisha Saddam na Al-Qaeda. Sasa wanaosema zimepikwa wanieleze: mtu apike chungu chote halafu asahau nyama aliyoifuata?

Hata hivyo Saddam hakutoka msafi. Kuna agizo lake la Januari 1993 la kuunda kikundi cha kuwawinda Wamarekani katika ardhi za Waarabu, hasa Somalia. Kuna mawasiliano na Jihad ya Misri, kundi la Ayman al-Zawahiri, ambalo baadaye, 2001, liliungana rasmi na Osama. Fedha kwa familia za Wapalestina waliojilipua alizitoa hadharani, wala hapo huhitaji kabrasha. Abu Nidal, kiongozi wa kundi la kigaidi la Kipalestina, naye aliishi Baghdad na akafia hukohuko 2002.

Kwa hiyo "alikuwa na uhusiano na magaidi" haijitoshelezi. Na kundi gani? Mwaka gani? Tena agizo si risiti. Afisa usalama anayemwandikia Saddam hathubutu kuandika kwamba kazi imemshinda. Ataandika mambo yanakwenda vizuri, mheshimiwa.

Meku_wa_Kibosho
Mzee shikamoo. Na Sudan je? Osama alikaa Khartoum hadi 1996, na 1998 ubalozi pale Dar ukalipuliwa, watu 11 wakafa. Huko zilikamatwa nyaraka gani?

Mzee_wa_Masjala (Arusha)
Marahaba. Sudan haikuvamiwa, kwa hiyo hakuna jeshi la kigeni lililopekua makabati yake. Huko mashahidi walizungumza. Jamal al-Fadl, Msudani aliyeliibia kundi la Osama fedha kisha akalikimbia, alitoa ushahidi New York mwaka 2001. Baadaye, 2011, jaji wa Washington akaamua Sudan inawajibika kwa milipuko ile. Mwaka 2020 Khartoum ikakubali kulipa dola milioni 335 kwa wahanga wa mashambulizi hayo na mengine, ikatolewa kwenye orodha ya Marekani ya nchi zinazofadhili ugaidi. Waliolipa siyo waliompokea Osama. Rais wao wa enzi hizo, Al-Bashir, alishapinduliwa 2019.

Ticha_Majengo (Moshi)
Mzee nashukuru sana. Naweza kuwapa vijana karatasi zenyewe wazisome?

Mzee_wa_Masjala (Arusha)
Nyingi ziliwekwa kwenye intaneti Machi 2006. Novemba mwaka huohuo tovuti ikafungwa, baada ya New York Times kuandika kwamba baadhi zilikuwa na maelezo ya kutengeneza bomu la nyuklia. Ndiyo matokeo ya kumwaga makabrasha nje bila mtu wa masjala kuyapitia. Tumia ripoti ya 2008, imetolewa kwa umma. Wachapishie kurasa chache, waanze na lile agizo la Somalia. Upande wa kwanza ueleze nani alilipokea na alifanya nini nalo. Upande wa pili uoneshe lilighushiwa wapi.