Ujumbe wa sauti wa simu za ofisi hauingii wote kwenye baruapepe

Swali

Habari za kazi, wakuu. Ninasimamia mitambo katika ofisi ya wakala wa forodha hapa Dar es Salaam. Wateja wetu wengi wako Lubumbashi na Lusaka, nao hupiga simu usiku tukiwa tumefunga na kuacha ujumbe wa sauti. Simu zinaendeshwa na Asterisk, programu ya kuendesha simu za ofisi, kwenye kompyuta yake ya Linux. Ujumbe ukishaachwa, Asterisk huufanya kiambatisho na kuukabidhi kwa Postfix, programu ya kutuma baruapepe iliyomo kwenye kompyuta hiyo hiyo, ambayo nayo huupeleka kwenye seva ya baruapepe ya kampuni.

Tangu mwezi uliopita jumbe nyingine zinafika na nyingine zinapotea. Mteja anasema alieleza habari zote za kontena lake, sisi hatuna chochote. Nimepekua kumbukumbu za seva ya baruapepe na sijaona ujumbe hata mmoja uliokataliwa mlangoni. Foleni ya Postfix ya barua zinazosubiri kutumwa, nikiitazama kwa amri ya mailq, ni tupu. Asterisk haionyeshi kosa. Kwenye mipangilio ya Asterisk kuna delete=yes, yaani sauti ifutwe ikishatumwa, kwa hiyo hakuna nakala inayobaki. Mhasibu wetu, ambaye barua zake huelekezwa Gmail, hapati ujumbe hata mmoja. Nianzie wapi?

Jibu la kwanza

Mkuu, tazama kwanza anwani ya mtumaji. Asterisk isipoelekezwa vinginevyo hutuma kwa jina la asterisk likifuatiwa na jina la kompyuta yenyewe, na mara nyingi jina hilo halipo popote kwenye intaneti. Seva yenu inaipokea barua kwa sababu inauamini mtandao wa ndani. Gmail haina sababu ya kuiamini: tangu Februari 2024 inamtaka kila mtumaji awe na uthibitisho wa SPF (orodha ya seva zinazoruhusiwa kutuma kwa jina la kampuni) au DKIM (saini ya kidijitali ya barua), na barua isiyo na kimojawapo inaweza kurudishwa kwa kosa la 550. Taarifa ya kurudishwa nayo inakwenda kwa anwani ile ile isiyokuwapo, kwa hiyo hakuna anayeambiwa. Weka kwenye serveremail, mpangilio wa Asterisk wa anwani ya mtumaji, anwani halisi ya kikoa cha kampuni, kisha hakikisha rekodi ya SPF ya kikoa hicho inaitaja seva yenu.

Jibu la pili

Ninakubaliana na mwenzangu kuhusu mhasibu, lakini anwani mbaya ingeangusha jumbe zote au isingeangusha hata moja, isingechagua. Kinachochagua ni kitu kinachotofautiana kati ya ujumbe na ujumbe, na mimi ningeanza kwa kuuliza zilizopotea zilikuwa na urefu gani. Sauti zimefutwa, lakini rekodi za simu zipo: fungua faili la Master.csv kwenye /var/log/asterisk/cdr-csv, tafuta simu zilizoishia kwenye VoiceMail, na uzilinganishe na barua zilizofika. Kumbuka kutoa sekunde za salamu yenu, kwa kuwa nazo zimehesabiwa humo.

Baada ya hapo soma /var/log/maillog ya kompyuta ya simu. Ya seva ya kampuni iache kwanza, maana ujumbe usiofika mlangoni hauwezi kuandikwa na bawabu.

Muulizaji

Nimeshinda na kalamu na karatasi mchana kutwa. Salamu yetu ni ya sekunde 14. Nikiitoa, kila ujumbe uliofika ulikuwa chini ya dakika moja na nusu, na kila uliopotea ulizidi hapo. Kwenye maillog ya kompyuta ya simu kuna mistari mingi inayosema „message file too big“, ambayo sikuwahi kuifungua kwa sababu nilidhani kompyuta ile ni ya simu tu. Nimeuliza message_size_limit, yaani kikomo cha ukubwa wa barua cha Postfix kwa baiti, kwa amri ya postconf, ikajibu 2000000. Niliyempokea kazi ndiye aliyeiweka, enzi ofisi ilipokuwa na intaneti ya kupimiwa.

Jibu la pili

Basi hesabu inakubali. Sauti ya wav ya kawaida kwenye Asterisk hula baiti 16,000 kwa sekunde, na kiambatisho cha baruapepe kinapoandikwa kwa herufi huongezeka kwa zaidi ya theluthi moja. Dakika moja ni takriban baiti milioni 1.3, kwa hiyo milioni mbili zinaisha karibu na sekunde ya 92. Kikomo ambacho Postfix huja nacho ni baiti 10,240,000, kama dakika nane hivi.

Foleni ilikuwa tupu kwa sababu barua hukataliwa kabla ya kuingia foleni. Nayo Asterisk huianzisha kazi ya kutuma kisha ikaendelea na shughuli zake bila kusubiri jibu; ikiwa na delete=yes, hufuta sauti papo hapo, barua iwe imekwenda au imekwama. Kwa hiyo kabla ya kugusa kitu kingine chochote ondoa delete=yes. Binafsi sijapata kuona ofisi ambayo mpangilio huo uliisaidia kuliko ulivyoiumiza.

Kisha rudisha kikomo kwenye 10,240,000, na uhakikishe seva ya kampuni haina kilicho chini ya hapo, la sivyo utakuwa umelihamisha tatizo mlango wa pili. Mwisho, kwenye format, mpangilio wa Asterisk wa maumbo ya faili za sauti, tanguliza wav49, kwa kuwa umbo linalotajwa kwanza ndilo linaloambatishwa. Hilo ni sauti iliyobanwa kwa mtindo wa GSM ndani ya wav, baiti 1,625 kwa sekunde, yaani karibu mara kumi ndogo zaidi. Linasikika kwa mkwaruzo kidogo, lakini namba ya kontena inaeleweka. Angalizo: ukibadili umbo wakati masanduku ya simu yana jumbe za zamani, hizo hazitakuwa na nakala ya umbo jipya na zinaweza kuleta matatizo. Kwenu masanduku ni matupu, kwa hiyo leo ndiyo siku ya kulifanya.

Muulizaji

Nimefanya yote matatu, pamoja na anwani ya mtumaji. Nimejipigia simu na kusoma gazeti kwa dakika nne. Ujumbe umefika kwangu na kwa mhasibu, kiambatisho kikiwa na takriban kilobaiti 390. Sauti zilizofutwa hazirudi, lakini Master.csv ina namba za waliopiga, na kesho asubuhi dada wa mapokezi ataanza kuwapigia mmoja mmoja.